Kilo Tisini

Nesi alimwambia avue viatu na mkanda na atoe kila kilichomo mifukoni. Yeye akavua hadi saa ya mkononi, kana kwamba saa ndiyo ingemponza. Akapanda kwenye mizani. Namba zikahangaika kidogo, kama zisizoamini zinachokiona, kisha zikatulia kwenye kilo mia na kumi. Akashuka, akasimamishwa wima ubaoni, kijiti kikateremshwa mpaka kikamgusa utosini. Mita moja na sentimita sitini na nane.

"Hujakosea kweli?" aliuliza. "Mimi najijua ni mrefu zaidi ya hapo."

"Kila mtu hujijua hivyo, kaka. Vaa viatu, daktari anakusubiri."

Kazini walimwita Gunia. Hakuna aliyemwita hivyo kwa kumtukana. Alikuwa mwokaji mikate, na tangu siku ya kwanza alikuwa akibeba gunia la unga begani kwa mkono mmoja, mkono wa pili akifungulia mlango. Kifua chake kilikuwa kama kabati, shingo haionekani ilipoanzia, tumbo limetangulia mbele likimfungulia njia. Alikuwa hajawahi kuuonea aibu mwili huo. Siku hiyo, akiinama kufunga kamba za viatu huku akihema mbele ya nesi, aliuonea aibu.

Daktari wa figo alikuwa mama wa makamo mwenye sauti ya chini. Chumbani mwake walikuwa wamekwisha kukaa watu wawili: dada yake Gunia, aliyekuwa mgonjwa, na mke wake Gunia, aliyejikunyata kwenye kiti cha karibu na mlango, mkoba mapajani.

"Habari njema kwanza," daktari alisema. "Damu zenu zinapatana. Sukari huna. Figo zako mbili zinafanya kazi vizuri kabisa. Tatizo ni uzito wako ukilinganishwa na urefu wako. Tunachukua kilo zako, tunazigawanya kwa urefu uliozidishwa kwa urefu huo huo. Mtu mwenye afya anaangukia kati ya kumi na nane na nusu na ishirini na tano. Wewe unagonga thelathini na tisa. Hospitali hii haimpasui mtoaji wa figo aliyezidi thelathini na mbili."

"Kwa kilo ni ngapi?"

"Kwa urefu wako, tisini."

Gunia akacheka kidogo, akitafuta mtu wa kucheka naye. "Lakini daktari, figo si ipo ndani? Haya mafuta yapo nje. Nyinyi pasueni tu, mimi nimeshakubali."

"Wewe umekubali, mimi sijakubali. Nikikupasua hivi ulivyo, kidonda kinaweza kugoma kufunga. Damu inaweza kuganda ikakimbilia mapafuni, na hapo tunakupoteza. Hata ukipona, utabaki na figo moja inayoutumikia mwili huu wote peke yake. Sitaki kumtoa dada yako kwenye mashine ya kusafisha damu halafu nikulaze wewe hapo hapo."

Dada mtu akajitanda vizuri khanga yake. "Nilaumu mimi, daktari," alisema. "Huyu nimemnenepesha mimi mwenyewe."

Alicheka peke yake. Mke wa Gunia alikuwa anatazama sakafu.

Na kweli alikuwa amemnenepesha. Mama yao alipofariki, Gunia alikuwa bado mtoto wa shule ya msingi, na dada yake ndiyo kwanza anaingia usichana. Akaacha masomo, akajifunza kusuka nywele, akamlea mdogo wake kwa vidole vyake. Mtoto alikuwa mwembamba. Majirani walikuwa wakimwona akipita wanasema maskini, mfupa na ngozi, na maneno hayo dada aliyapokea kama kofi. Hivyo Gunia alipopata kazi ya tanuri na mwili ukaanza kutanuka, dada alitembea naye barabarani kama mtu aliyenunua kabati jipya anayetaka mtaa mzima ulione. "Mtazameni mwanangu," alikuwa akisema, ingawa hakumzaa, na mwingine wa kumzaa hakumpata.

Ugonjwa ulimwanzia miguuni. Miguu ilivimba, akasema ni kwa sababu ya kusimama saluni kutwa nzima. Ukaja uchovu, akasema ni uzee. Kikaja kichefuchefu na kukosa pumzi, hapo hakuwa na la kusema tena, akapelekwa hospitali. Figo zote mbili zilikuwa zimekwisha. Tangu hapo akawa anasafishwa damu kwa mashine mara tatu kwa wiki, kwa mrija uliopitishwa karibu na shingo, na kila baada ya kusafishwa alirudi nyumbani amenyauka kama nguo iliyokamuliwa.

Gunia alianza kupungua kwa pupa, kama afanyavyo kila kitu. Sukari akaiacha, chapati akaziacha, soda akawa anaipita dukani kama mtu anayemkwepa mdai. Alikwenda kazini kwa miguu na kurudi kwa miguu. Mke wake akamtengea sufuria yake, ya mboga za majani na maharage, mbali na chakula cha mabinti zao wawili. Nyumbani kwake usiku tumbo lilinguruma mpaka binti mdogo akauliza ni nini hicho. Kilo zikaanza kuondoka. Mkanda ulisogea tundu moja, kisha jingine.

"Kaza hapo hapo," nesi alimwambia. "Ukienda hivi tutakuona mapema."

Halafu mizani ikagoma.

Alipanda, akashuka, akapanda tena. Kilo mia na moja. Wiki iliyofuata mia na moja. Iliyofuata, mia na mbili. Daktari alimuuliza anakula nini, naye akamtajia mboga zake moja baada ya nyingine. Daktari akamtazama kwa namna ambayo Gunia aliijua. Ndivyo yeye mwenyewe alivyomtazama msaidizi wa tanuri anayeapa kwamba hakusahau hamira wakati mikate imelala bapa mbele yao.

Saluni nako mambo yalikwenda kinyume. Dada alikuwa bado anafungua siku zile ambazo hakuwa kwenye mashine, akisuka ameketi. Maji yaliyoshindwa kutoka yalikuwa yanamjaa usoni na mikononi, na wateja wasiojua wakawa wanamsifu.

"Dada umenawiri jamani! Tupe siri."

"Siri ni kulala," aliwajibu, akiendelea kugawa nywele kwa kitana.

Gunia aliwahi kumkuta akisifiwa hivyo. Wateja walipotoka alipiga magoti akambonyeza mguu kwa kidole gumba, na shimo likabaki pale pale kwenye nyama, halirudi. Yeye kilo zake zilikuwa za kweli na hazitaki kutoka. Za dada yake zilikuwa za maji, na watu wanazipigia makofi.

"Zimebaki ngapi?" dada aliuliza kwa upole.

"Chache."

Hakumwambia kwamba zimeongezeka.

Siku tanuri la kazini lilipoharibika, wafanyakazi waliruhusiwa kuondoka mapema. Gunia aliingia nyumbani kwake kwa mlango wa nyuma, ule wa jikoni, ili asichafue sebule kwa viatu vya unga. Mke wake alikuwa amempa mgongo. Mbele yake kulikuwa na sufuria ya mboga za majani, ile ndogo, na pembeni bakuli la karanga zilizosagwa. Alimwaga mafuta ya kupikia humo, akakoroga, akamwaga tena. Akachota karanga kwa kijiko kikubwa, akazididimiza chini ya majani mpaka zikapotea.

"Hiyo ni sufuria ya nani?"

Kijiko kikamponyoka mkononi.

"Mama Watoto, nimekuuliza. Sufuria ya nani?"

"Yako," alisema bila kugeuka.

"Tangu lini?"

"Tangu ulipoanza kushuka."

Gunia akaitazama ile sufuria. Wiki zote zile alizokuwa akitafuna majani huku akijisifu kimoyomoyo kwamba leo amejikaza. "Unataka dada yangu afe?"

Hapo mke wake akageuka. Uso ulikuwa umemjaa machozi lakini sauti haikutetemeka. "Sitaki wifi afe. Nataka wewe usife. Hayo ni mambo mawili. Wewe uliniuliza? Ulikuja ukanipa taarifa tu, kama mtu anayesema maji yamekatika. Siku ile daktari alipotaja damu kukimbilia mapafuni, mimi nilikuwa nimekaa pale mlangoni, nikawa naona mabinti zangu wamevaa nguo nyeusi. Wewe ulikuwa unacheka."

"Ni dada yangu! Ndiye aliyenilea!"

"Najua. Na hawa watalelewa na nani?"

Gunia alichukua ile sufuria akaitupa nje, ikapiga ukuta, mboga zikatambaa chini na mafuta yake yanang'aa juani. "Unamuua," alisema. "Kijiko kwa kijiko, unamuua mtu mchana kweupe."

"Usiniite muuaji, Baba Watoto. Futa kwanza siagi kwenye ndevu zako."

Mkono wa Gunia ukaenda wenyewe kidevuni.

Alikuwa hajamwambia mtu. Kazini, mikate ikipita kwenye mashine ya kukata, kile kipande cha mwanzo na kile cha mwisho huwekwa kando kwa sababu wateja hawavipendi. Vinakuwa bado vya moto. Kopo la siagi lilikuwa pale pale mezani. Alianza na kimoja siku moja aliposikia kizunguzungu, na tangu hapo hakuacha tena. Alivila akiwa wima, upesi upesi, ameipa meza kisogo, na kwa kuwa hakuketi wala hakunawa mikono alijiambia kwamba hakula.

Mke wake akaokota sufuria nje, akarudi nayo ndani.

Kesho yake Gunia alikusanya nguo chache akahamia kwa dada yake. Alimdanganya kwamba anataka kuwa karibu na hospitali. Dada akamtandikia godoro sebuleni bila kuuliza.

Kazini aliomba ahamishwe kutoka kwenye mashine ya kukata, akarudi kupakua unga, kazi ya vijana. Jioni alipika yeye: chakula cha dada hakina chumvi, cha kwake hakina mafuta, wakaketi kutazamana na sahani zao.

"Mimi wamenikataza maji, wewe wamekukataza mafuta," dada alisema. "Tukikaa hapa mwaka tutaishia kulamba vidole vitupu."

"Kula, Dada."

"Kula wewe. Hii yangu ina ladha ya gazeti."

Walicheka hadi dada akakohoa. Alikuwa anaruhusiwa maji kidogo sana kwa siku, basi aliyagandisha, akawa ananyonya kipande cha barafu polepole, amefumba macho, kama mtoto na peremende. Gunia alipomwona hivyo alikwenda kunywa maji yake nje, ili dada asimsikie akimeza.

Safari hii kilo zilitoka kweli. Hazikutoka kwa raha. Alipata kizunguzungu akiwa na gunia begani, akalazimika kuliegemeza ukutani, na wenzake wakatazama pembeni. Shati likaanza kumpwaya, kisha suruali. Mke wake alimleta binti mdogo mara moja moja kumsalimu shangazi yake. Yeye mwenyewe aliishia mlangoni, akaacha kikapu cha mboga za majani zisizopikwa, akaondoka. Gunia alizipika zilivyo.

Mizani ilisema tisini asubuhi moja yenye manyunyu. Kwa hakika ilisema themanini na tisa na ushee. Nesi alimwita mwenzake aje aone. Daktari akapiga hesabu mbele yake, akaisoma: thelathini na moja na nukta kadhaa.

"Umefanya kazi kubwa," alisema, na kwa mara ya kwanza alimpa mkono. "Tutarudia vipimo vya mwisho, kisha tunapanga tarehe."

Gunia hakusubiri lifti. Alipanda ngazi hadi wodi ya mashine, na njiani aligundua kwamba hahemi. Alikuwa na maneno tayari mdomoni. Alipofika alimkuta dada yake amefunikwa mablanketi mawili, meno yanagongana, na nesi ameshika pembeni mwa ule mrija wa shingoni, ambapo ngozi ilikuwa imegeuka nyekundu.

"Homa imempanda akiwa kwenye mashine," nesi alisema. "Ameingia akitembea mwenyewe."

Vijidudu vilikuwa vimepita kwenye mrija vikaingia kwenye damu. Walimtoa mrija ule, wakamwekea mwingine mahali pengine, wakamtundikia dawa. Homa ikashuka, ikapanda tena. Daktari akamwita Gunia pembeni, kwenye ukumbi ambao wagonjwa walikuwa wakipitishwa kwa machela.

"Upandikizaji hauwezekani kwa sasa. Mtu mwenye maambukizi hatumpi figo, dawa zenyewe za kulinda figo mpya hushusha kinga ya mwili, zingemmaliza. Tumsubiri apone."

"Atapona?"

"Yamefika kwenye moyo," daktari alisema.

Gunia alisimama pale na kilo zake tisini. "Kama ningefika hapa mapema? Wiki zile nilizokwama?"

Daktari akapisha machela iliyokuwa ikipita. "Maambukizi haya yangeweza kumpata hata wiki ya kwanza," alisema. "Usijiulize hivyo."

Lakini hakusema hapana, naye Gunia alisikia kwamba hakusema.

Siku zile za mwisho dada alikuwa anakuja na kuondoka. Saa nyingine alimtambua kila mtu na kuuliza kama saluni imefungwa vizuri. Saa nyingine alikuwa mahali pengine kabisa. Mchana mmoja Gunia alikuwa ameketi kando ya kitanda, sinia la chakula cha hospitali liko mezani halijaguswa, wali na maharage vimepoa. Dada akafumbua macho. Alimtazama mikono, akamtazama mashavu yaliyoingia ndani, na uso wake ukakunjamana kwa hasira.

"Nani hakulishi?" aliuliza.

"Nipo, Dada. Ni mimi."

"Nakuona ni wewe. Umekuwa mfupa na ngozi. Watu watasema nini?" Akanyoosha mkono wenye mirija akalisukuma sinia, likasogea kidogo tu. "Kula. Mimi nimeshakula kwa mteja."

Gunia alikuwa hajayasikia maneno hayo tangu utotoni. Enzi zile, jioni, chakula kilipokuwa cha mtu mmoja, dada alikuwa akirudi na vidole vyake vimekakamaa, anakwangua sufuria yote kwenye sahani ya mdogo wake na kusema hivyo hivyo: mimi nimeshakula kwa mteja. Gunia aliamini. Alikuwa mkubwa, mwenye ndevu na mshahara, ndipo siku moja alipofikiri kwamba wateja wa kusukwa nywele hawampikii msusi.

"Kula basi, unasubiri nini?"

Akavuta sinia. Akala wali ule uliopoa, kijiko baada ya kijiko, na maharage na mafuta yake yaliyoganda, huku dada akimsimamia kwa macho asiache hata punje. Alipomaliza alimwonyesha sahani. Dada akaridhika, akafumba macho. Hakuyafumbua tena kwa maana ya kumwona mtu. Alifariki kesho yake kabla ya saa za kuona wagonjwa, na waliokuwa nje ya geti wamebeba vyakula vyao waliingia kukuta kitanda kimezungushiwa pazia.

Mke wa Gunia ndiye aliyelia kuliko wote. Alilia mpaka wakamshika mikono, akiita wifi yangu, wifi yangu, na wanawake wakanong'onezana kwamba jamani, hawa walipendana. Gunia alimsikia kutoka upande wa wanaume. Alijua kilio kile si cha kujionyesha, na kwa kuwa alijua, hakuweza kumchukia kama alivyotaka.

Mazishini watu walimpa pole, kisha wakarudi nyuma hatua moja kumtazama vizuri.

"Lakini wewe umekuwaje? Umepungua, umependeza! Umerudi kijana."

"Tupe siri, Gunia."

Aliwashukuru. Jirani mmoja alimshika tumbo kwa utani, akasema sasa ndiyo mwanaume. Gunia akatabasamu kwa sababu mdomo haukujua la kufanya jingine.

Alirudi nyumbani kwake. Godoro la sebuleni kwa dada lilikunjwa, saluni ikapewa mpangaji mwingine, anayeuza simu. Yeye na mke wake walirudi kulala kitanda kimoja, kuulizana kama mlango umefungwa, kuwaandalia watoto nguo za shule. Ile sufuria ndogo ilitoweka jikoni na hakuuliza ilikokwenda. Hawakuzungumza juu ya mafuta, wala juu ya siagi. Kati ya wiki zile zilizopotea, zipi zilikuwa za mke na zipi zilikuwa zake, hapakuwa na mtu wa kuzigawanya. Wakati mwingine katikati ya kula mmoja wao aliweka kijiko chini ghafla, na mwingine akajua.

Jumapili moja mke wake alitoa suruali zake zote kabatini akazirundika kitandani. Akamwambia avae moja, asimame karibu na dirisha. Gunia akasimama. Mke wake alipiga magoti nyuma yake, pini zimejaa mdomoni, akakusanya kitambaa cha kiunoni kilichozidi. Kilikuwa kingi, kimejaa kiganja chake chote.

"Nikate," aliuliza kupitia pini, "au nikunje tu kwa ndani?"

Nje mabinti walikuwa wanaruka kamba. Gunia alifikiri juu ya kitambaa kile, juu ya mtu aliyekuwa akikijaza na mtu aliyejivunia kuona kimejaa.

"Sijui," alisema.

Mke wake akaanza kukunja kwa ndani, taratibu, akimgusa kiunoni kwa vidole vya baridi kila alipochomeka pini.

"Simama wima," alisema. "Usijiinamishe."